Alama Nyekundu ya Fundi wa Miyuji

Mara ya kwanza kumwona fundi wa Miyuji, alikuwa anampiga mteja. Alimkamata shati kifuani kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akamzaba kofi moja kwa kila skrubu iliyokosekana kwenye redio. Zilikosekana tatu. Mteja, mtu mzima mwenye ndevu zake, alipokea makofi matatu, kisha fundi akamwachia, akamvutia kigoda na kumwambia asubiri, redio itakuwa tayari kabla ya adhuhuri. Yule mtu akakaa. Hilo lilinishangaza kuliko makofi yenyewe. Nilikuwa nimesimama mlangoni na pasi yangu iliyoungua waya, nikaanza kujiuliza kama nimewahi kuifungua mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni tuliamka tukakuta maduka yamejaa redio kaseti, feni, saa zinazolia kama jogoo, na televisheni za Dubai ambazo nusu ya wanunuzi hawakujua zinachomekwa wapi. Vitu vilikuja vingi kuliko akili ya kuvitumia, na akili hiyo ilikuwa kwa fundi. Kibanda chake cha mabati kilikuwa pembeni mwa barabara, kimejaa maiti za redio hadi darini. Nilikuwa sekretari katika ofisi moja mjini Dodoma, nimepanga chumba na sebule Area D, na kila kitu changu kilichokuwa na waya kilipita mikononi mwake.

Kila Jumatatu alitundika mlangoni kipande cha boksi kilichoandikwa kwa wino mzito. Juu aliandika habari, chini maonyo. Habari alizipata kwenye magazeti yaliyokuja na basi la Dar, na kwenye redio ya masafa mafupi aliyoisikiliza huku akifanya kazi: kwamba kuna simu inayotembea mfukoni bila waya, kwamba kompyuta mpya zinaongozwa kwa kidude cha mkononi kinachoitwa panya, kwamba santuri sasa imekuwa ndogo, na inasomwa kwa mwanga badala ya sindano. Maonyo yalikuwa yake mwenyewe. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, hesabu mpaka mia ndipo uchomeke. Betri ya gari haiwekwi chini ya kitanda cha mtoto. Kuanika betri za tochi juani kunakupa siku moja tu, acha kujidanganya. Na chini kabisa, lile ambalo halikubadilika mwaka mzima: Televisheni haipigwi. Nikisikia umeipiga, nitakupiga.

Watu walicheka wakilisoma, ila hawakucheka wakiwa ndani. Ofisa mmoja wa serikali, mwenye gari na dereva wake, aliungama kwamba picha ikianza kucheza huwa anaizaba televisheni kibao cha juu. Fundi alimwomba kwa adabu avue miwani kwanza.

Kulikuwa pia na mfanyabiashara aliyeuza betri zilizokufa, amezifunga upya kwa karatasi mpya. Fundi alimfuata sokoni, akamchapa kwa waya wa antena mbele ya meza yake mpaka shati likachanika mgongoni na damu ikaloweka kiunoni. Halafu akazikusanya betri zote akaenda kuzitupa shimoni. Polisi walimweka ndani siku mbili. Alipotoka alitundika boksi lenye njia tatu za kuitambua betri iliyokufa, na ya tatu ilikuwa kumtazama mgongo anayeiuza.

Nayasimulia haya na mdomo wangu unataka kutabasamu, na naona aibu. Tuliupenda ule ukali wake kwa sababu ulikuwa ukiwaangukia wengine. Tulisema fundi ni mwepesi wa mkono lakini uongo hana. Akikuambia kitu chako kimekufa, kimekufa; hakuna aliyekibeba kwenda kuuliza kwa mwingine.

Na mikono hiyohiyo ilikuwa na upole ambao sikuuona kwa mtu mwingine. Vumbi la Dodoma linaingia hata ndani ya yai, na televisheni nyingi zilifika kwake zimejaa vumbi, buibui na mijusi waliofuata joto. Alilipuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli, taratibu, na mjusi alimtoa mzima, akamweka ukutani aende zake. Kuna mara alikuta kiota cha panya wachanga ndani ya spika, wekundu, macho hayajafunguka. Aliwahamisha kwa karatasi hadi nyuma ya kibanda. Mkewe alimuuliza atafanya nini wakikua na kuanza kutafuna nyaya za watu, akajibu kwamba hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Mkewe alikuwa muuguzi, mfupi, mwenye sauti ya chini, na mchana alikuwa anamletea chakula. Siku moja fundi alimpandishia sauti mbele yetu wateja. Mama yule akaweka sufuria chini, akaichukua nyundo mezani na kumkabidhi. Akamwambia amalizie basi, watu wanaangalia. Fundi alikaa akala, na mchana ule hakumpiga mtu.

Kwa huyohuyo mke alichukua chupa ya rangi ya kucha, nyekundu, na hapo ndipo ilipotoka alama yake. Kila kitu alichokitengeneza alikifunga, kisha akadondosha tone moja la rangi juu ya kila skrubu. Tone likipasuka, ujue kuna mkono mwingine ulioingia. Ndani ya kava la nyuma aliandika kwa penseli jina la mwenye mali, anakotoka, na ugonjwa uliotibiwa. Alimweleza kila mteja: nje ni alama yangu, ndani ni jina lako. Na kwa kila aliyefika akisema redio yake imeungua hiki au kile, alikuwa na jibu moja: usitaje ugonjwa hujafungua. Alilisema mara nyingi hadi watoto wa Miyuji wakawa wanaambiana wakigombana.

Hata mimi nilipata fungu langu la ukali wake. Ofisini kwetu ilikuja kompyuta ya kwanza, nami nilikuwa nimekaa na taipu miaka tisa. Wiki ya pili umeme ulikatika na ripoti ya bosi ya kurasa thelathini ikapotea yote. Nilimwendea fundi nikilia. Kompyuta alikuwa ameigusa mara tatu tu maishani, lakini aliniambia hiyo ni taipu yenye kusahau, kila ukurasa uiambie ikumbuke, kisha uipe diski nakala yake. Akaongeza kwamba nikirudi kulia mara ya pili atanipa sababu ya kulia. Sijapoteza ukurasa tena tangu siku ile.

Sasa nije kwenye lile ambalo nimekuwa nikilizunguka.

Nilinunua televisheni kwa zamu yangu ya upatu. Inchi kumi na nne, nyeusi na nyeupe. Mfanyabiashara mmoja alikuwa ameleta lori zima la aina hiyo, na nusu ya mji tulikuwa nazo, zinafanana kila kitu. Mwezi wa tatu yangu ilizima, fundi akaitengeneza, ikarudi na matone yake manne mekundu mgongoni. Haikumaliza mwaka. Alhamisi moja nilirudi kazini nikakuta nondo za dirisha zimekunjwa na meza iko tupu.

Jumamosi, adhuhuri ikikaribia, nilikwenda kwa fundi kumwomba afungue macho, maana vitu vya wizi vilipita kwake mara nyingi, vikiletwa kutengenezwa. Alikasirika kuliko mimi. Aliniambia atakachomfanya mwizi huyo akimpata, kidole kwa kidole. Nami nilisikiliza kwa raha. Nitasema ukweli: nilitaka kuona damu. Nilikuwa nimelala siku mbili nikiitazama ile meza tupu, na moyo wangu ulikuwa umeshampiga mwizi mara nyingi.

Mtu akapita barabarani anasukuma baiskeli. Kwenye keria alikuwa amefunga televisheni kwa mpira, ameifunika kitenge, na kitenge kilikuwa kimeteleza upande. Niliona rangi nyekundu.

"Fundi," nikasema, "ile pale."

Alitoka, akashika usukani wa baiskeli, akauliza mali ni ya nani. Mwenye baiskeli alikuwa mwanamume wa kama miaka arobaini, ana vumbi hadi kwenye kope, na Kiswahili chake kilitoka kwa kupimwa, kama cha mtu ambaye nyumbani anatumia lugha nyingine. Alijibu kwamba ni ya kaka yake, amempa aipeleke kijijini kwao Busi, huko Kondoa. Kaka mwenyewe yuko wapi? Amepanda basi la Morogoro alfajiri. Watu walikuwa wameshaanza kusogea. Nani asiyejua kwamba mwizi akikamatwa, mwenye mali huwa amesafiri?

Fundi akaigeuza televisheni, akayatazama matone manne. Akasema hii ameifunga yeye. Kisha akanigeukia.

"Ni yako?"

Yangu ilikuwa na ufa kwenye kitufe cha sauti. Ningeinama tu ningeona. Sikuinama.

"Ndiyo yenyewe," nikasema.

Fundi aliita mwizi, na pigo la kwanza likawa lake, kwa mpini wa nyundo, sikioni. Nilisikia mlio wake. Yule mtu alianguka pamoja na baiskeli, na baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuambiwa kitu. Walitoka dukani, walitoka kwenye mashine ya kusaga, wamejaa unga. Mwingine alichomoa mnyororo wa ileile baiskeli na kumchapa nao usoni na mabegani. Matofali yalimpata mgongoni. Alipojaribu kusimama mtu alimkanyaga mkono, akabaki anatambaa kuzunguka palepale huku akiita kwa lugha yake, nadhani alimwita mama. Nami nilivua kiatu. Kilikuwa cha kisigino, cha ofisini. Nilipita kati ya watu, wakanipisha kwa heshima kwa kuwa mimi ndiye niliyeibiwa, nikampiga nacho usoni mara mbili. Ya pili iliingia jichoni.

Fundi hakuwa na habari tena na mtu. Alikuwa ameibeba televisheni hadi ndani aangalie kama mwizi ameiharibu. Tabia haina dawa: mkononi alikuwa na bisibisi, na kitu kilikuwa mezani, akafungua. Ndani ya kava, kwa penseli, kwa mwandiko wake mwenyewe, palikuwa na jina la mwanamume, Busi, Kondoa, na ugonjwa wa swichi ya kuwashia.

Alitoka na nyundo. Mwanzoni watu walimpisha, wakidhani amekuja kumalizia. Akaanza kuwapiga wao. Alimpiga mwenye mnyororo, akampiga mwenye tofali, akawa anapiga magoti, viwiko, chochote kilichokuwa mbele, na anapiga kelele kwamba siye, siye, jamani siye. Lakini neno lake la kwanza lilikuwa limeshatembea na la pili halikulifikia. Walisema amerukwa na akili. Nondo ikamshukia mkono wa kulia juu ya kiganja, mkono ukapinda mahali pasipopinda. Akaangukia juu ya yule mtu na kumfunika kwa mwili wake. Wakaendelea kumpiga hivyohivyo mgongoni. Petroli ilikuwa imefika, mtu alishaimwaga, na wengine walikuwa wanaulizana nani ana kiberiti.

Ndipo mkewe alipofika na chakula cha mchana. Hakupiga yowe. Aliitua sufuria, akapita, akakaa chini katikati ya petroli, karibu na wale wawili, na gauni lake la kazi likaloa. "Haya," akasema, "washeni." Kiberiti kilikuwepo, nilikiona mkononi mwa mtu. Kikarudi mfukoni.

Mimi nilivaa kiatu changu nikaenda nyumbani.

Yule wa Busi aliishi. Jicho moja lilikufa, na sikio la upande ule halikusikia tena. Fundi alitolewa hospitali akaenda polisi kwa miguu yake, akaeleza kwamba yeye ndiye aliyesema ni mwizi na yeye ndiye aliyepiga kwanza. Nilipoitwa niliandika maelezo kwa mashine, safi, bila kosa la herufi: kwamba fundi aliitambua televisheni kwa alama yake. Kila neno lilikuwa kweli. Nilichoulizwa na fundi, na nilichojibu, sikukiandika. Alifungwa mwaka na nusu, na kwa muda wote huo hakulitaja jina langu. Nilisubiri alitaje, na kila siku iliyopita bila kunitaja nilimchukia kidogo. Televisheni yangu haikuonekana tena.

Nikahama Area D. Nikawa napita njia ndefu nisiione Miyuji. Vitu vyangu vilipoharibika niliwapelekea mafundi wengine, waongo, wakaniibia vipuri, nikaona ni haki yangu.

Ikapita miaka sita. Ofisini tulikuwa na kompyuta tano, na moja ikaingiwa na kirusi kilichokula mafaili ya idara nzima. Tarishi alitumwa mjini kutafuta fundi, akarudi naye. Nywele zilikuwa nyeupe. Mkono wa kulia ulikuwa umeunga vibaya, kiganja kimeelekea pembeni, na bisibisi aliishika kwa kushoto. Kuanzia kwenye paji la uso kovu refu lilipanda na kuingia kwenye nywele, nalo sikulijua.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba." Akaketi mbele ya mashine. Akauliza kama nimeweka nakala kwenye diski. Nikasema ninazo zote. Akaitikia kwa kichwa, akaanza kazi, na watu wengine walipokwenda kunywa chai akaanza kunieleza, macho yakiwa kwenye skrini.

Alikuwa anakwenda Busi kila mwaka baada ya mavuno. Mara ya kwanza ndugu wa yule mtu walimpokea kwa rungu, na kovu lilitoka huko. Alipopona alirudi. Mwaka wa tatu walimruhusu kusimama mbele ya watu, akasema mtu huyu si mwizi, kosa ni langu. Wazee wakamjibu kwamba fundi anaungama kwa kuwa alifungwa. Je, mwenye mali amesema nini? Mpaka leo kijijini kwao yule mtu anaitwa mwizi wa televisheni. Binti yake alikuwa ameposwa, na mwezi uliopita wakwe waliivunja posa. Hawaoi kwa mwizi.

"Neno langu limekwisha kazi," akasema. "Lako halijasemwa."

Nikamwambia ni mwisho wa mwezi, bosi hawezi kuniruhusu. Nikamwambia nitaandika barua, yenye saini na muhuri. Alitua bisibisi mezani, akanigeukia. Nikafumba macho nikangoja kofi, na Mungu ananiona, nililitaka. Kama angenipiga tungekuwa tumemalizana. Nilikaa hivyo hadi nikaona haya, nikafumbua. Alikuwa ananitazama tu, na mkono wake uliopinda umelala mapajani.

"Basi la Kondoa linaondoka saa kumi na mbili asubuhi," akasema, akairudia mashine.

Kesho yake tulikwenda. Tulishuka njiani tukatembea, yeye mbele. Uani kwa yule mtu wanaume watano walikuwa wanapura alizeti kwa fimbo. Mwenyewe alitoka ndani, akageuza kichwa chote ili atutazame kwa jicho la kushoto. Upande mwingine kope lilikuwa limezama. Nililijua lile shimo, nilijua upana wa kisigino kilicholichimba.

"Umekuja tena," alimwambia fundi. Halafu akauliza, "Na huyu?"

Nilingoja fundi aseme. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kusema kabla ya wengine. Safari hii alisogea kando, akaniacha mbele. Wale watano wakaacha kupura, wakasimama na fimbo zao mkononi.

"Mimi ndiye mwenye televisheni," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, nikaikaza. "Haikuwa ile. Niliulizwa, sikuangalia, nikasema ndiyo. Hukuiba. Na hilo jicho ni mimi."

Fimbo moja ilinyanyuka. Yule mtu akainua kiganja, fimbo ikabaki hewani. Alinisogelea karibu sana, akaniwekea sikio lake zima mbele ya mdomo. Nilidhani anataka nirudie, nikafungua mdomo.

"Ngoja," akasema. "Usirudie bado. Mpaka nimwite mwanangu, na wale wakwe."

Akatoka uani kwenda kuwaita. Hakuna aliyenikaribisha kukaa, na mwenye fimbo hakuishusha. Nikasimama palepale juani, fundi kando yangu, nikingoja kulisema tena.